UZI: Kila muuzaji anasema seva yake ndiyo nambari moja duniani. Rekodi hizi tuzisome vipi kabla ya kutoa pesa?

#1 BintiMalindi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nahitaji macho yenu kabla ya Alhamisi. Kamati ya manunuzi inakaa siku hiyo na mie ndiye nitakayesimama mbele yao.

Nafanya kazi kwenye taasisi ya kiasi hapa Mjini, Unguja. Tuna seva 2 za mwaka 2018, kila moja ina prosesa 2 za Xeon Gold 6126, kori (viini vya kufanyia hesabu) 12 kila prosesa. Zimetutumikia kwa haki kabisa, lakini zimechoka. Juu yake zinakwenda mashine pepe (kompyuta za programu tu ndani ya seva) zaidi ya 30: mafaili, barua pepe, mishahara, na kubwa kuliko zote hifadhidata ya malipo ya wateja. Ripoti ya kufunga mwezi tukiianzisha baada ya alasiri, watu wanatoka msikitini isha na yenyewe bado inazunguka. Mwezi wa Ramadhani nimefuturu ofisini mara mbili kwa ajili yake.

Profoma (karatasi za bei) 2 zimekuja kutoka Dar. Ya kwanza ni seva 2 za EPYC 9555 za AMD, kori 64 kila prosesa, prosesa 2 kila seva. Ya pili ni seva 2 za Xeon 6767P za Intel, nayo kori 64 kila prosesa. Bei zinakaribiana sana. Kila muuzaji kaleta mchoro wa rangi, na juu yake pameandikwa rekodi ya dunia. Nimewauliza wote wawili: rekodi ya nini? Mmoja kanijibu "ya kasi". Mwengine hajajibu mpaka leo.

Inawezekanaje wote wawili wawe wa kwanza? Na mie nikisimama mbele ya kamati niseme nini?

#2 Kipanga_Mwera

Dada chukua EPYC ukapumzike. Intel kaachwa tangu 2019.

#3 MkongweWaMashine

Kipanga, maneno hayo ya "kaachwa" nimeyasikia pande zote mbili kwa zaidi ya miaka 20, na kila aliyeyasema kuna siku aliyameza.

Mwaka 2001 Intel na HP walikuja na prosesa ya Itanium, wakasema hiyo ndiyo njia pekee ya kwenda kwenye biti 64. Ilitaka programu zitayarishwe upya kwa ajili yake. Aprili 2003 AMD wakatoa Opteron, x86 (familia ya prosesa) ile ile tuliyoizoea ila imepanuliwa hadi biti 64, na programu za zamani zikaendelea kufanya kazi. Mwaka 2004 Intel mwenyewe akaifuata njia hiyo kwenye Xeon. Itanium ikaburuzwa miaka mingi, shehena za mwisho zikatoka 2021. Kisha AMD nao wakalala, tena usingizi mzito, mpaka EPYC ya kwanza ilipotoka 2017.

Angalieni ushindani uliporudi ulivyofanya kazi. Mwaka 2017 Xeon kubwa kabisa ya kizazi kile ilikuwa na kori 28, EPYC 32. Mwaka 2019 EPYC ikafika 64. Novemba 2022 ikafika 96. Intel akahangaika na ucheleweshaji, akatoa kori 60 Januari 2023. Halafu Septemba 2024 akaja na Xeon 6 ya kori 128, na mwezi uliofuata tu, Oktoba, AMD wakajibu kwa 128, na 192 kwa ile aina yenye kori zilizobanwa. Hapo hakuna aliyeachwa. Kama mmoja angebaki peke yake uwanjani, leo tungekuwa bado tunauziwa kori 28 kwa bei ya dhahabu.

#4 MaalimWaNamba

Wa alaykumu ssalam dada BintiMalindi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na ugumu uko hapo hapo.

Kwanza tufahamiane ni nani anayeshindana na nani. AMD na Intel wanashindana kwa prosesa. Lakini Dell, HPE, Lenovo na Supermicro wananunua prosesa zile zile kutoka kwa hao hao wawili. Prosesa iliyomo kwenye seva ya mmoja na iliyomo kwenye seva ya jirani yake haina tofauti. Basi wao wanashindania nini? Wanashindania upoozaji, bodi, mipangilio ya ndani, na zaidi ya yote wanashindania jina. Siku ile ile prosesa mpya inapotangazwa, kila mtengenezaji wa seva anatoa orodha yake ya rekodi. Ameshaipata prosesa mapema, ameshapima, anangojea ruhusa tu.

Na mbio si moja. Kipimo kinachotajwa sana ni SPEC CPU 2017, cha jumuiya iitwayo SPEC iliyoundwa 1988, ambayo wanachama wake ni pamoja na watengenezaji wenyewe. Ndani ya kipimo hicho kimoja kuna hesabu za nambari kamili na za desimali. Kila moja ina mtindo wa "speed" na wa "rate". Kila mtindo una matokeo ya msingi, ambapo programu zote zinatayarishwa kwa mipangilio ile ile, na matokeo ya kilele, ambapo kila programu inaruhusiwa mipangilio yake. Halafu gawanya tena: seva za prosesa 1, za 2, za 4, za 8. Hapo hatujagusa kipimo cha umeme SPECpower, wala vya hifadhidata vya TPC, wala SAP, wala VMmark. Kwa msururu huo, karibu kila kampuni inapata mahali pa kuwa ya kwanza.

Tofauti ya "rate" na "speed" ndiyo ya kuishika. Chukulia karafuu zinavuka kutoka Pemba. "Rate" inauliza: kwa siku moja zimevuka tani ngapi? "Speed" inauliza: gunia hili moja limefika saa ngapi? Jahazi kubwa linashinda la kwanza, boti ndogo yenye mashine kali inashinda la pili. Prosesa ya kori 192 ni jahazi. Michoro mingi ya wauzaji ni ya "rate", kwa sababu hapo ukiongeza kori, baa inapanda. Ripoti yako ya kufunga mwezi huenda ni gunia moja.

Na kuna la tatu, ambalo linaniuma kama mwalimu. Kipimo chochote kikishakuwa na thamani ya pesa, watu wanakifanyia kazi chenyewe. Kwenye kipimo cha SPEC cha 1989 kulikuwa na programu ya kuzidisha matrisi, matrix300. Wakatokea watu wa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) wakaivunja kabisa, alama zikaruka juu bila ya mashine kuwa na kasi zaidi kwenye kazi za kweli. Toleo la 1992 programu ile ikaondolewa. Mkasema hayo ni ya zamani? Februari 2024 SPEC walitangaza kuwa matokeo zaidi ya 2,600 ya CPU 2017 yaliyotumia matoleo fulani ya kompaila ya Intel hayatambuliki tena, kwa sababu kompaila ilikuwa na njia ya mkato iliyolengwa kwenye programu moja ya kipimo. Njia hiyo ya mkato haikuwa na faida pana kwa kazi nyengine. Seva zilizohusika zilikuwa za watengenezaji tofauti, kwani wote walitumia kompaila ile.

Nawasifu SPEC kwa kulisema hadharani. Kila tokeo liko wazi kwenye tovuti yao, bure, pamoja na orodha kamili ya vilivyokuwemo ndani ya mashine. Isome orodha hiyo kabla ya kuisoma alama.

#5 Kipanga_Mwera

Shikamoo Maalim. Hilo la 2024 nilikuwa silijui. Lakini si ndio linazidi kuonesha uchukue EPYC?

#6 MaalimWaNamba

Marahaba. Hapana mwanangu. Linaonesha upime kazi yako mwenyewe.

#7 FaziTatu

Mie ni mtu wa umeme, prosesa nawaachia nyie. Nimetazama karatasi za hizo mbili: EPYC 9555 ni wati 360, Xeon 6767P ni wati 350. Gold 6126 zenu ni wati 125. Maana yake seva moja ya sasa prosesa zake 2 zinataka wati 250, na mpya zitataka wati 700 au 720 zikifanya kazi kwa nguvu zote. Weka memori, diski na mafeni, umeshafika kilowati moja kwa seva. Seva 2 ni kilowati 2, na kila wati inayoingia inatoka kama joto. Kwa kiyoyozi hiyo ni karibu BTU (kipimo cha joto) 6,800 kila saa, kabla hujahesabu jua linalopiga ukuta na mtu anayefungua mlango.

Sasa dada niambie: kiyoyozi chenu ni cha BTU ngapi, na kipo kimoja au viwili? Kikizimika usiku wa kaskazi, Januari, chumba kinafika nyuzi ngapi kabla ya asubuhi? Hewa inayopendekezwa kuingia kwenye seva ni baina ya nyuzi 18 na 27. Na hewa yetu hii ya chumvi, mkifungua madirisha "ili zipoe", mnazila pini za bodi polepole.

Kwa haki yake niseme pia: mashine mpya inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila wati. Kama moja mpya inabeba mzigo wa 2 za zamani, mnaweza kutoka na bili ndogo. Tatizo ni kununua kubwa kisha ikae bure ikinywa umeme.

Msinione naogopa bure. Nilikuwa fundi jenereta mwaka 2008, Unguja nzima ilipokaa mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3, waya wa chini ya bahari ulipokufa. Nilimwona mtu analia mbele ya seva iliyokufa kwa jenereta chafu. Waya mpya wa megawati 100 umekuja 2013 na hali si ile tena. Lakini UPS (betri ya akiba) na jenereta ziandikwe ndani ya profoma hii hii. Msingoje bajeti ya mwakani.

#8 KarafuuWete

Jamani, kwani lazima mnunue chuma? Sie huku Wete tumeshapeleka mambo yetu kwenye wingu. Amazon wana prosesa yao wenyewe, Graviton, tangu 2018. Bei nafuu, umeme wao, kiyoyozi chao.

#9 BintiMalindi

KarafuuWete, nimelifikiria sana hilo na barua pepe huenda nikazipeleka. Malipo siwezi. Unakumbuka Mei 2024, nyaya 2 za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika siku moja? Wateja walipanga foleni mbele yangu na mtandao wa nje haupo. Kilichoniokoa ni kwamba hifadhidata iko ghorofa ya chini, waya wa mita 20 kutoka dirisha la malipo. Tukio lile limenifunza, sitaki kulirudia nikiwa nimejifunga mikono.

FaziTatu, ahsante sana. Kiyoyozi ni kimoja, BTU 12,000. Nimeona aibu kuandika hili lakini ndiyo hali.

#10 KarafuuWete

Hapo nimekufahamu. Sie zetu ni taarifa za ofisi tu, tukikosa siku mbili hatufi.

#11 MhesabuKori

Hakuna aliyeuliza leseni? Dada, mashine pepe zako ni za nini, Windows?

#12 BintiMalindi

Nyingi Windows, leseni ya Datacenter. Hifadhidata ya malipo ni PostgreSQL juu ya Linux.

#13 MhesabuKori

Basi kaa chini uandike. Windows Server inauzwa kwa kori tangu toleo la 2016. Unalipia kila kori iliyomo ndani ya seva, ukiitumia usiitumie. Leo una seva 2 za kori 24, jumla 48. Profoma zote mbili zinakupa seva 2 za kori 128, jumla 256. Leseni zako zinazidi mara 5. Muuzaji kaiweka hiyo kwenye profoma? Nakuhakikishia hakuiweka, kwa sababu ukiiona bei hiyo utakimbia.

Na wanaotumia hifadhidata ya Oracle wasome pia: toleo la Enterprise linahesabu kori zote za x86 kisha linazidisha kwa 0.5. Seva ya kori 128 ni leseni 64. Niliwahi kuiona taasisi moja imenunua seva kubwa kwa fahari, ikaja barua ya leseni kubwa kuliko bei ya seva yenyewe. Mkuu wa kitengo aliyeidhinisha alihamishwa.

Ndiyo maana watengenezaji hao hao wanatoa prosesa za kori chache zenye mwendo mkali. AMD wana EPYC 9175F, kori 16 tu, inafika gigahezi 5 na ina kashe (memori ya ndani ya prosesa) ya megabaiti 512. Haitashinda mchoro wowote wa "rate". Kwa mtu anayelipia kila kori, ni hazina.

Mashine pepe 30 na kidogo ziko sawa leo kwenye kori 48 za kizazi cha 2017. Kwa nini uende 256?

#14 MaalimWaNamba

MhesabuKori kasema kweli tupu. Na mie kuna jambo linanikera tangu jana. Dada, hebu tuandikie mstari wa memori kwenye profoma ile ya EPYC, neno kwa neno. Na memori ya seva zenu za sasa pia.

#15 BintiMalindi

Profoma: memori gigabaiti 256, vijiti 4 vya gigabaiti 64, DDR5 (kizazi kipya cha memori), kwa kila seva. Nafasi 20 zimebaki wazi. Muuzaji alisema hilo ni zuri, tutaweza kuongeza siku za mbele.

Za sasa: gigabaiti 192, vijiti 12 vya gigabaiti 16, DDR4 2666. Nafasi zaidi ziko tupu.

#16 MaalimWaNamba

Nilihisi. Kaeni nami polepole, hesabu si ngumu.

Prosesa haisomi memori kwa mlango mmoja. Ina milango kadhaa, chaneli, na kila kijiti kinafungua mlango wake. Xeon zako za 2017 zina chaneli 6 kila prosesa. Una vijiti 12 kwa prosesa 2, maana yake 6 kwa 6, milango yote iko wazi. DDR4 2666 inapitisha gigabaiti 21.3 kwa sekunde kwa kila mlango. Mara 6 ni 128.

EPYC 9555 ina chaneli 12. Kwa DDR5 ya 6000 kila mlango unapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mara 12 ni 576. Hiyo ndiyo mashine iliyovunja rekodi kwenye mchoro wako. Fungua tokeo lolote kubwa la SPEC la seva ya aina hii yenye prosesa 2, utakuta vijiti 24.

Sasa mashine unayouziwa ina vijiti 4 kwa prosesa 2. Viwili kila moja. 48 mara 2 ni 96.

Rudia tena: 96. Seva yako ya zamani, ile iliyochoka, inapitisha 128. Unataka kununua seva ambayo kila prosesa yake ina kori zaidi ya mara 5, na mlango wa kulishia kori hizo ni mwembamba kuliko ulionao leo. Kori 64 zitakaa foleni kama watu mbele ya bomba moja la maji.

Muuzaji hajakudanganya kwa neno. Gigabaiti 256 zipo. Prosesa ipo. Rekodi ipo. Ila mashine ya kwenye mchoro na mashine ya kwenye profoma si moja, na hakuna aliyeona haja ya kukwambia.

Itazame na ya pili kwa jicho hilo hilo. Xeon 6767P ina chaneli 8.

#17 BintiMalindi

Maalim, nimeisoma mara tatu. Nimesimama, nimekwenda kunywa maji, nimerudi nimeisoma tena.

Ya pili: vijiti 4 pia. Viwili kwa prosesa yenye chaneli 8.

Nilikuwa nikipeleka Alhamisi hivi hivi.

#18 Kipanga_Mwera

Maalim, mie nimekwenda kutazama seva tuliyofunga mwaka jana kazini. Kori 96, vijiti 2. Tulikuwa tunalaumu programu. Dada, nilikwambia ununue bila ya kuuliza hata kazi yako ni nini. Unisamehe.

#19 FaziTatu

Ukienda kori chache, na wati zinashuka. EPYC 9355 ya kori 32 ni wati 280. Kiyoyozi kimoja bado hakitoshi, viwe viwili vya kupokezana. Hilo usilegeze.

#20 MhesabuKori

Kori 32 mara 2 ni 64 kwa seva, 128 kwa zote mbili. Bado ni nusu ya leseni za profoma ya kwanza. Angalia na ya kori 16 pia. Mara 4 ni 64, karibu na 48 zako za leo, na kila kori mpya ina nguvu kuliko ya 2017.

#21 BintiMalindi

Nimerudi. Samahani kwa wiki tatu za kimya.

Alhamisi ile niliiomba kamati iahirishe. Haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja aliniuliza kwa nini nakataa mashine iliyo nambari moja duniani. Nikachora ubaoni ile hesabu ya Maalim, 128 na 96. Kikao kizima kilinyamaza, kisha mwenyekiti, ambaye ni mhasibu na hajui seva ni nini, akasema: "Kumbe tulikuwa tunanunua pipa kubwa lenye bomba dogo." Tukapewa mwezi.

Nikawaandikia wauzaji wote wawili sharti moja: mashine ile ile mnayotaka kutuuzia, si ya kwenye mchoro, tuijaribu kwa ripoti yetu wenyewe. Mmoja akakataa. Mwengine akatupa ruhusa ya kuingia kwa mbali kwenye seva ya majaribio iliyoko kwao Dar, EPYC ya kori 32, prosesa 2. Nikapeleka nakala ya hifadhidata, majina na nambari za wateja nimezifuta, nikaendesha ripoti ya kufunga mwezi mara 2. Ya kwanza na vijiti 4 kama profoma ya mwanzo. Ya pili na vijiti 24 vya gigabaiti 16, jumla 384.

Vyote viwili viliishinda seva yetu ya zamani, kwa sababu kori zenyewe ni kali zaidi na diski ni mpya. Lakini ya vijiti 4 ilichukua karibu mara mbili ya muda wa ile ya vijiti 24. Prosesa ile ile, diski zile zile. Ile ya vijiti 24 niliianzisha baada ya alasiri, na nilipotazama tena adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Tumeagiza seva 2 za kori 32 kila prosesa, vijiti 24 kila seva, leseni zimo ndani ya bei, UPS imo, kiyoyozi cha pili kimo. Jumla imekuja chini ya profoma zote mbili za mwanzo ukiweka na leseni ambazo hazikuwemo.

Zinafika kwa meli wiki ijayo. FaziTatu, ukiwa na nafasi Jumamosi njoo ututazamie waya wa ardhi kabla hatujaziwasha.

#22 FaziTatu

Jumamosi saa 3 asubuhi, inshallah. Funguo za chumba cha umeme ziwepo.